Nilivyoipaka Ituri Ukutani

Juzi mtoto wa jirani yangu hapa Saio, mtaa wa Bunia, alinikuta nimekaa mbele ya mlango. Akaniuliza:

"Koko, zamani mulikuwa munatumikaka kazi gani?"

"Nilikuwa ninapakaka Ituri rangi."

"Ituri yote?"

"Yote. Aru, Mahagi, Djugu, Irumu, Mambasa. Na mara mingi."

Akaniangalia kwa huruma, kisha akakimbia kumwita mama yake aje aone kama koko, yaani bibi, ana homa.

Basi, kabla hamjaniitia muganga, sogeeni wajukuu niwaeleze. Kazi yangu ilikuwa kuchora ramani kwenye kuta za madarasa. Siku zile shule nzima iliweza kuwa na kitabu kimoja tu cha jiografia, cha mwalimu, na katika shule moja ya njia ya Komanda panya walikuwa wameshakula Mambasa yote na msitu wake, na nusu ya Irumu. Mwalimu alifundisha msitu kwa kuonyesha tundu. Ndiyo maana walituita siye wapaka rangi. Ukuta hauibiwi, na panya hana meno ya kuuweza.

Jina langu ni Kavira. Ukilisikia tu unajua nimetoka wapi: Butembo. Baba alituleta Bunia juu ya lori la chumvi, nami sijawahi kurudi isipokuwa kwa matanga. Ufundi nilifundishwa na muzee Anselme, aliyekuwa anaandika vibao vya maduka karibu na soko. Nilikuwa msichana bado. Mama alinituma kwake nikaagize kibao cha malewa yake, yaani pale alipouzia watu wali na maharagwe. Kibao kilipokuwa tayari, neno MAHARAGWE lilianza na herufi pana kama milango, likaishia na herufi zilizobanana kama watu kanisani siku ya Noeli. Nikamwambia. Hakukasirika hata kidogo. Alinipa burosi yake ya rangi.

"Andika weye."

Niliandika, na yangu ikawa mbaya kuliko yake. Herufi ya mwisho ilikosa mahali kabisa, nikaipeleka chini peke yake kama mtoto aliyefukuzwa mezani. Muzee alicheka sana, halafu akanionyesha siri ya neno refu: halianzwi mwanzoni, linaanzwa katikati. Unahesabu herufi, unatafuta ile ya kati, unaiweka katikati ya kibao, kisha unajaza huku na huku. Nilirudi kwake kesho yake, na kesho kutwa pia. Mama alipata kibao, akapoteza mtu wa kuosha sahani.

Ramani nayo ina siri yake. Huichori yote kwa mara moja. Kwenye karatasi unagawa ramani ndogo vyumba vya mraba, halafu ukutani unagawa vyumba vilevile, ila vikubwa. Kwa mistari hiyo hatukutumia rula. Kamba unaipaka unga wa kreyo, kreyo zilezile za ubaoni. Watu wawili wanaivuta mpaka inakaza, wa tatu anaishika katikati na kuiachia. Paa! Mstari umenyooka kama neno la kweli. Watoto waliipenda hiyo paa kuliko somo lenyewe, na shule nyingine nilikaa asubuhi nzima nikirudia mistari iliyokwisha chorwa, kwa sababu kalasi ya pili nayo imesikia na inataka kuona. Kisha unachukua chumba kimoja kimoja. Hapa kona ya mto, pale mkunjo wa mpaka. Unafuata vipande vidogo, na jioni ukirudi nyuma hatua kadhaa, Ituri imekaa mbele yako inakuangalia.

Rangi anza juu, ili matone yakishuka yasiharibu ulichokwisha maliza. Na mbele ya yote, ukuta ukauke. Weka kiganja. Ukiusikia baridi kama tumbo la chura, rudi nyumbani ukalale.

Mara moja sikurudi nyumbani. Ilikuwa Mahagi, msimu wa mvua, na nilikuwa na haraka kwa sababu kulikuwa na ndoa Bunia. Nilipaka ziwa bluu nzuri sana kwenye ukuta wenye maji. Tulipokuwa tunakula, ziwa likaanza kushuka. Likapita Kasenyi, likapita mpaka wa mkoa, likafika sakafuni na kuingia chini ya viti. Mwalimu alifungua mlango, akasimama, akaniuliza kwa sauti ya heshima: "Madame, tuhame?" Ndoa ile sikuiona.

Mahali pengine nilisahau Komanda. Nani anasahau Komanda, njia panda ya malori yote! Mtoto mmoja, baba yake dereva, alinyosha mkono: "Madame, sasa baba analalaka wapi?" Darasa lilicheka, mwalimu akakohoa, nami nikaiweka Komanda upesi kwa doa nene, kama mji mkuu.

Historia pia nimeipaka, ninyi mnaisoma tu. Niliandika ZAÏRE kwa herufi za kijani katika shule nyingi. Siku jina la nchi lilipogeuka, tulizunguka na muzee Anselme shule kwa shule tukilifuta na kuandika CONGO. Muzee alihesabu kwa vidole, akafurahi: "Ona, Kavira! Tano kwa tano. Mara hii bakubwa baliwaza siye bapaka rangi." Baadaye Ituri, iliyokuwa distrikti, ikawa provinsi yenyewe, na ule mstari wa kuizunguka niliouchora mwembamba mwembamba nikarudi kuunenepesha. Muzee alikuwa amekwisha kufa. Nilipaka peke yangu, na kila nilipomaliza upande mmoja niligeuka nimwonyeshe.

Leo ramani inakuja imeviringwa kama mkeka, ya plastiki, mnaipigilia misumari minne na kazi imekwisha. Au mnafungua telefone na kuvuta dunia kwa vidole viwili. Sisikitiki. Ila telefone haijawahi kuniambia mlima unaitwaje na wale wanaoishi chini yake, na hilo ndilo ninalotaka kuwaeleza leo.

Ilikuwa shule moja ya milimani, kati ya Bunia na ziwa. Sitaitaja, wenyewe wakinisikia watajijua. Vita vilikuwa vimekwisha, au kama tulivyosema wakati ule, vimelala. Helikopta nyeupe za walinda amani zilipita juu ya soko. Barabara ilifunguliwa asubuhi na kufungwa jioni. Watu walisalimiana kwa upole kupita kawaida, kama wageni waliofika nyumba isiyo yao.

Shule ilikaa chini ya mlima. Upande wa magharibi wa mlima kulikuwa na kijiji kimoja, upande wa mashariki kijiji kingine, na katika vita vijiji hivyo vilikuwa vimefanyiana yale mnayoyajua. Diriktere wa shule, bwana Maurice, alikuwa ametembea nyumba kwa nyumba akiomba watoto warudi. Walirudi. Aliniita nichore ramani ukutani mwa kalasi ya tano, ili enspekta akija kufungua shule rasmi akute kitu cha kufurahisha macho.

Nilikuwa na ramani ya zamani, karte niliyoiazima ofisini mjini. Juu yake mlima ule uliandikwa Nyalibo. Nami nikaandika Nyalibo, herufi nzuri nyeusi, nikaenda kulala nyumbani kwa diriktere.

Asubuhi jina lilikuwa limekwanguliwa. Nikasema, mbuzi. Nikaliandika tena. Asubuhi ya pili palikuwa na shimo mpaka kwenye tofali. Nikasema moyoni, mbuzi wa hapa wanajua kusoma. Nikaziba kwa udongo, nikasubiri ukauke, nikaandika mara ya tatu. Kesho yake niliwahi kabla ya watoto, nikamkuta mwanaume amekaa kwenye benchi la wanafunzi, magoti yamefika kidevuni, kisu mkononi.

"Jambo, Papa."

"Jambo, Mama. Unakuja kuandika tena?"

"Nakuja kuandika. Ni weye unakwanguaka?"

"Ni miye. Naitwa Faustin." Akaweka kisu mezani, taratibu, ili nisiogope. "Sina ubaya na weye. Lakini ile mulima inaitwa Dhenja. Baba yangu alizaliwa chini ya Dhenja, na alizikwa juu ya Dhenja. Jina uliandika ni ya bale ba ng'ambo."

"Niliikuta kwa karte ya zamani, Papa."

"Mwenye kuchora hiyo karte alipandia upande wa ziwa. Aliuliza bale, akashuka. Siye hakutuuliza." Akanyosha kidole kuelekea ukuta. "Batoto bataangalia hii ukuta miaka na miaka. Kama jina yetu haiko, kesho bataambiwa siye hatukukuwaka hapa."

Nikaweka burosi chini.

Siku hiyo hakuna hata mtoto mmoja wa magharibi aliyekuja shuleni. Diriktere alizunguka uwanja akijifuta jasho. Mwisho akaja karibu na ngazi yangu.

"Mama Kavira, futa mulima."

"Jina?"

"Mulima yote. Weka majani tu."

"Diriktere, bijito byote bya hii karte binatoka pale. Nikifuta mulima, maji itatoka wapi? Kwa mbingu?"

"Kwa mbingu iko muzuri. Kule hakuna mutu atakatala."

Alikuwa anasema kweli yake, maskini. Kama watoto wa upande mmoja wangebaki nyumbani mpaka enspekta afike, shule isingefunguliwa, na kazi yake yote ya kubembeleza watu ingekwisha pale. Nikamwambia aite komite ya wazazi, tuandike majina mawili.

Mkubwa wa komite alikuwa Papa Samweli wa upande wa mashariki, mtu mrefu, na kofia ambayo haitoki kichwani. Alisikiliza, akakubali kwa kichwa.

"Mbili, sawa. Yetu juu."

"Yetu juu," akasema Papa Faustin.

Jua lilipanda, likaanza kushuka, na bado tulikuwa juu-chini, juu-chini. Nikachoka. Nikafunika mkebe wangu wa rangi nyeusi, nikawaambia mimi huwa sichori mlima ambao sijaupanda. Ulikuwa uongo mtupu. Milima yote ya Ituri nilikuwa nimeipaka, na sikuwahi kupanda hata mmoja.

"Hatupandaki tena," akasema Faustin. "Tangu vita."

Kila upande ulidhani upande mwingine umekaa kule juu unaangalia. Basi jioni nilipita kwa Papa Faustin, nikamwambia Samweli anasema Faustin amesahau njia. Kisha nikapita kwa Papa Samweli, nikamwambia Faustin anasema Samweli ameota kitambi, mlima utamshinda. Asubuhi wote wawili walikuwa mbele ya shule, wameshafunga viatu.

Tulipanda watu wanne. Faustin mbele akikata majani, mimi nyuma yake, Samweli nyuma yangu, na diriktere mwisho na kikapu cha viazi. Nilisikia pumzi zao mbele na nyuma yangu, nikajuta. Njia ilipogawanyika, Faustin akashika kushoto.

"Hapana huko," Samweli akasema. "Kule kuko ile jiwe."

"Jiwe gani?"

"Ile ulianguka."

"Sikuanguka. Ni weye ulinisukuma."

Nikasimama. "Ba papa, munajuana?"

"Tulikaaka benchi moja," Samweli akajibu, kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Tangu kalasi ya kwanza mupaka ya sita."

Hakuna aliyekuwa ameniambia! Diriktere mwenyewe, aliyekuja pale baadaye, alikuwa hajui. Tukaendelea, na sasa nilipanda haraka.

Juu kulikuwa na upepo na rundo la mawe lililofunikwa na majani. Faustin akasimama mbele yake. Hakuwa ameliona kaburi la baba yake tangu alipokimbia. Samweli alivua ile kofia. Kisha akapiga magoti na kuanza kung'oa majani kati ya mawe. Faustin alimwangalia tu. Halafu naye akapiga magoti upande wa pili, na wakang'oa pamoja. Diriktere alifungua mdomo aanze sala. Nikamvuta mkono, akanyamaza.

"Alinipa maziwa," Samweli akasema mwishoni. "Siku tulifukuzwa shuleni juu ya kuchelewa. Hakuuliza kwanza mutoto wa nani."

"Alikuwa hivyo," Faustin akajibu.

Tuliketi tukala viazi. Wajukuu, mimi nilikuwa nimeipaka Ituri miaka na miaka, na siku hiyo ndipo nilipoiona. Mashariki nchi ilikatika ghafula, na chini kabisa ziwa liling'aa kama sinia. Magharibi vilima vilishuka kimoja nyuma ya kingine, kijani juu ya kijani, mpaka mwisho kabisa mstari mweusi: msitu. Nikauliza, kwa kutaka kujua kweli:

"Mvua ikinyesha hapa, maji inaendaka wapi?"

Wanaume wawili wenye mvi wakanyosha migongo kwa pamoja, na wakaimba kama katekisimu: "Ya mashariki kwa ziwa, ya ziwa kwa Nili, ya Nili kwa Misri! Ya magharibi kwa Shari, ya Shari kwa Ituri, ya Ituri kwa Aruwimi, ya Aruwimi kwa Congo, ya Congo kwa bahari kubwa!"

Wakatazamana. Mwalimu wao aliwafundisha hivyo, wakaniambia, hapa hapa juu, kwa miguu.

"Ambia Mama vile tulihakikisha," Samweli akasema.

"Nyamaza. Iko mwanamuke."

"Tulirudi siye wawili kisha kalasi," Samweli akaendelea, "tukasimama mugongo kwa mugongo, tukakojoa. Miye kwa Misri, yeye kwa bahari. Tuone ya nani itatangulia kufika."

"Na ya nani ilitangulia?" nikauliza.

"Yangu iko bado mu njia," Faustin akasema. "Bahari iko mbali. Yake ilikauka pale pale chini ya jiwe."

Diriktere alimeza kiazi vibaya, tukampiga mgongoni. Tulicheka mpaka nikalazimika kulala chali kwenye majani, mama mzima mimi, machozi yakitoka.

Tulipokuwa tunashuka nilikwisha kujua la kufanya. Mlima una mabega mawili. Kila jina likae begani kwake, pale linapotamkwa: Dhenja magharibi, Nyalibo mashariki, herufi za ukubwa mmoja. Papa Samweli alifikiri, akauliza kwa nini lao lisomwe la pili. Nikamwambia magharibi iko kushoto katika ramani za dunia nzima, akamlalamikie Mungu. Akasema atamwambia.

Nilichora mistari, kisha nikawapa burosi. Waandike wenyewe, sikutaka kukwanguliwa tena. Samweli aliandika Nyalibo vizuri, na mkia wa madoido kwenye y. Faustin akashika burosi kama anashika kifaranga, ulimi nje, akaandika polepole D, h, e, n. Alipofika kwenye j, mkia ukaenda kulia badala ya kushoto.

Samweli alitoa sauti kama mtu aliyechomwa.

"Faustin! Hii j! Mwalimu alikupigaka juu ya hii j tangu kalasi ya pili, na bado!"

Faustin akarudi nyuma hatua moja, akaiangalia. "Iko muzuri," akasema. Lakini mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Kesho yake benchi zote zilijaa. Siku ya ufunguzi enspekta alifika na pikipiki mbili na karatasi nyingi. Aliusifu ukuta, akafuata mito kwa kidole, akafika mlimani. Akavaa miwani.

"Madame, hii j imegeuka. Shule haiwezi kufunguliwa na kosa ukutani. Irekebishe tafadhali."

Nikainama kuchukua burosi. Nyuma yangu viti vililia. Papa Faustin alikuwa amesimama, na Papa Samweli alikuwa amesimama, na nyuma yao wazazi wa magharibi na wa mashariki walikuwa wanasimama mmoja mmoja. Ni Samweli aliyesema, kofia mkononi:

"Hapana, bwana enspekta. Muiache. Hapa kwetu, Dhenja inaandikwaka hivyo."